Chunusi kwenye uso unaopauka: kipi umpake, kipi ukiache dukani

Mwezi wa sita binti yangu alirudi kutoka bweni, Dodoma. Ana miaka 15. Uso ulikuwa umepauka, mashavu yanabanduka magamba madogo meupe, na juu ya magamba hayo chunusi zenye usaha zimejaa kidevuni na kwenye paji la uso. Nilichota maji ya uvuguvugu nikamwambia anawe. Alipoyagusisha tu shavuni akarudisha kichwa nyuma: "Mama, hata maji yananichoma."

Alikuwa amefuata kila ushauri wa bwenini. Sabuni ya kuua vijidudu mara tatu kwa siku, limau usiku, dawa ya meno juu ya kila kipele, na jeli ya chunusi ya benzoili peroksaidi, ya asilimia 10, aliyogawana na mwenzake. Mafuta hakupaka kabisa, kwa sababu wote walimwambia mafuta ndiyo yanayoleta chunusi.

Tunasema "dawa ya kukausha chunusi", na hilo neno kukausha limewaponza vijana wengi. Chunusi haianzii juu. Homoni za balehe huongeza mafuta ndani ya kinyweleo, ngozi iliyokufa hukwama humo, mlango unaziba, bakteria wanaoishi ndani wanaongezeka, kisha panavimba. Kipele unachokiona leo kilianza kuziba wiki kadhaa nyuma. Ukikausha juu, kizibo kinabaki palepale, ila sasa una pia ngozi iliyopasuka isiyovumilia dawa yoyote. Na Kiswahili chetu kinaita vyote "mafuta": yanayotoka ndani ya ngozi, ya nazi, ya mgando, hata losheni. Mtoto akiambiwa aache mafuta, anaacha vyote.

Nimelinganisha vitu hivi nikiwa na vijana wawili mkononi. Wa pili ni mtoto wa kaka yangu, yuko Tanga, ana miaka 17, ngozi yake inang'aa mafuta saa nne asubuhi. Kilichomfaa yeye karibu chote kilimuumiza binti yangu, ndiyo maana sipendi kusikia "hii ndiyo dawa ya chunusi" bila kuulizwa kwanza ngozi ni ya nani na anaishi wapi.

Sabuni

Nianzie hapa kwa sababu ndiyo inayoguswa kila siku na ndiyo isiyotiliwa shaka. Ngozi ya uso ina uasidi kidogo, kipimo chake cha pH ni kama 5, na namba ikipanda uasidi hupungua. Sabuni ya kawaida ya kipande iko kwenye 9 au 10. Sabuni ya mche, ambayo bwenini inafua sketi na kuogea mwili, ni kali zaidi kwa uso. Za kuua vijidudu hazina faida ya pekee kwa chunusi, kwa sababu shida iko ndani ya kinyweleo na povu linapita juu kwa sekunde chache. Ongeza maji ya visima ya Dodoma yenye chumvichumvi, ambayo sabuni haitoi povu upesi, mtoto anasugua mara mbili zaidi.

Sabuni ya maji ya kuoshea uso isiyo kali, za aina ya Cetaphil au CeraVe, ndiyo chaguo la kwanza kwa uso unaopauka. Zinapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa mijini, bei yake si ya kila mtu, na feki zipo, hivyo nunua penye risiti. Mfuko ukikataa, chukua sabuni ya gliserini isiyo na manukato makali, uitumie jioni tu, asubuhi anawe maji matupu. Hiyo peke yake ni hatua kubwa.

Kipimo changu hakihitaji kusoma boksi. Anawe, ajifute kwa kugusagusa na kitambaa, akae bila kupaka kitu mpaka uso ukauke wenyewe. Kisha atabasamu. Ngozi ikivuta pembeni mwa midomo, sabuni hiyo ni kali kwake, hata ingekuwa imeandikwa nini.

Kijana wa Tanga hakuvutwa popote. Yeye sabuni ya uso yenye asidi ya salisiliki asilimia 2 ilimfaa vizuri sana.

Benzoili peroksaidi na asidi ya salisiliki

Hizi mbili ndizo utakazokuta karibu kila duka la dawa. Majina kwenye boksi yameandikwa kwa Kiingereza. Yasome kwa sauti utayatambua.

Benzoili peroksaidi inaua bakteria wa chunusi, na bakteria hao hawaizoei, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu antibiotiki. Ndiyo bora kwa chunusi nyekundu na za usaha. Kosa kubwa ni nguvu yake. Inauzwa ya asilimia 2.5, ya 5 na ya 10, na mnunuzi anadhani 10 ni mara nne ya 2.5. Tangu mwaka 1986 watafiti waliziweka tatu hizo pamoja wakakuta kwa chunusi zilizovimba zinafanya kazi karibu sawa. Kinachoongezeka ni kuchubuka na kuwasha. Jeli ya asilimia 10 iliyomfanya binti yangu aogope maji ingeweza kuwa ya 2.5, na leo nisingekuwa na haya ya kuandika.

Inachujua nguo. Mtoto wa kaka yangu alilalia foronya ya bluu, asubuhi ikawa na mabaka meupe umbo la shavu. Kwa mwanafunzi hili si jambo dogo: kola ya sweta la shule ikibabuka, matroni atauliza. Suluhisho ni kuitumia kama sabuni: apake, ahesabu dakika moja au mbili, aisuuze. Kwa njia hiyo hata ngozi kavu inaivumilia zaidi. Na isikae kwenye joto, maana kemikali hiyo huharibika. Tyubu isiachwe juu ya dashibodi ya gari wala kwenye tranka la bati linalopigwa jua.

Asidi ya salisiliki inafanya kazi tofauti. Inayeyuka kwenye mafuta, hivyo inaingia kwenye kinyweleo na kulegeza uchafu uliokwama. Inafaa vile vipele vidogo visivyo na usaha na vitundu vyenye kichwa cheusi puani. Kwa chunusi kubwa iliyovimba ni dhaifu. Nayo inakausha, ila polepole, mtu hagundui mpaka wiki ya tatu.

Ukinilazimisha kuchagua moja kwa uso mkavu wenye usaha, nitachukua benzoili peroksaidi ya 2.5, kwa kusuuza. Kwa uso wa mafuta wenye vitundu vyeusi, salisiliki. Zote mbili kwa pamoja, kwa ngozi inayopauka, hapana.

Adapalini, ambayo wengi hawaijui

Ningependa kila mzazi wa kijana ajue neno hili. Adapalini iko kwenye familia ya vitamini A. Inafanya kazi pale chunusi inapoanzia: inazuia ngozi iliyokufa isikwame mlangoni mwa kinyweleo. Marekani iliiruhusu jeli ya asilimia 0.1 iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 2016, kwa watu wa kuanzia miaka 12. Kwetu uliza mfamasia. Si kila duka wanayo.

Tretinoini ni ndugu yake mkubwa, inapatikana kwa urahisi zaidi kwenye maduka yetu, na ni kali zaidi. Mwanga wa jua unaiharibu, na ikipakwa pamoja na benzoili peroksaidi inaweza kudhoofika. Adapalini haina matatizo hayo mawili kwa kiasi hicho. Kwa kijana mkavu mimi naenda kwa adapalini bila kusita.

Namna ya kupaka ndiyo inayoamua kama atafaulu au ataitupa. Kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Vitone vinne: paji, shavu, shavu, kidevu, kisha asambaze. Asiweke juu ya kipele kimoja kimoja, kwa sababu kazi yake ni kuzuia kipele ambacho bado hakijatokea. Uso uwe umekauka kabisa, kama dakika 20 baada ya kunawa. Kwa binti yangu nilianza losheni kwanza, adapalini juu yake, losheni tena. Pembeni mwa pua, pembeni mwa midomo na chini ya macho tukapaka mafuta ya mgando kidogo ili dawa isifike huko. Jumatatu na Alhamisi tu kwa wiki mbili, halafu usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Kwa mwendo wa njegere moja, tyubu ya gramu 30 inamaliza zaidi ya miezi miwili hata ukipaka kila usiku, hivyo bei inayokutisha dukani hugawanyika.

Wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuongezeka. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Hesabu wiki 12 kabla ya kusema haikufaa. Mjamzito haruhusiwi kuitumia, na msichana mkubwa anapaswa kuambiwa hilo wazi, bila kumung'unya maneno.

Asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 au 20, ni ya upole kiasi, inasaidia chunusi na pia madoa meusi yanayobaki kwenye ngozi zetu, na mjamzito anaweza kuitumia. Inawasha mwanzoni. Antibiotiki za kupaka kama klindamaisini husaidia kwa muda, lakini zikitumika peke yake bakteria wanazizoea. Ziambatane na benzoili peroksaidi au ziachwe.

Sasa mafuta

Hapa ndipo tuliposhinda, kwa kweli. Wiki mbili za kwanza za utaratibu huu sikumpa dawa yoyote. Sabuni ya upole na mafuta, basi. Magamba yakaondoka, kuwasha kukaisha, na chunusi hazikuongezeka hata moja, jambo ambalo lilimshangaza kuliko mimi.

Mafuta ya nazi tunayapenda, na kwa miguu na mikono iliyopauka sina neno baya. Usoni kwa mwenye chunusi yanaziba vinyweleo. Mtoto wa kaka yangu alikuwa akipakwa tangu mchanga, akaendelea kwa mazoea. Tulipoyatoa usoni tu, paji lake lilianza kutulia kabla ya dawa yoyote. Vilevile mafuta ya nywele: wasichana wanaosuka wakapakwa mafuta mazito kwenye mistari, yanashuka na jasho, na utaona vipele vimejipanga kufuata nywele zinapoanzia. Huyo hahitaji dawa, anahitaji mafuta yapungue na kitambaa cha kulalia kifuliwe.

Mafuta ya mgando, Vaseline na wenzake, yanashutumiwa kuliko yanavyostahili. Yenyewe hayazibi kinyweleo. Kazi yake ni kufunika ili maji yaliyopo yasipotee, kwa hiyo yakipakwa juu ya uso mkavu kabisa yanafungia ukavu. Yapakwe kiduchu, ngozi ikiwa na unyevunyevu wa kunawa. Dodoma wakati wa kipupwe, upepo ukivuma, yanamfaa binti yangu usiku. Tanga, kwenye joto na jasho, mwenzake anayaona kama adhabu, na sikumlazimisha.

Gliserini ni rahisi na ipo kila duka. Inavuta maji. Ikiwa tupu kwenye hewa kavu inanata na haitoshi; ichanganye na maji au marashi ya waridi, kisha ifunikwe na mafuta ya mgando kidogo. Huo ndio mchanganyiko wa bei ya chini kabisa ninaoweza kuutetea kwa uso mkavu.

Bora kuliko vyote hivyo, kama uwezo upo, ni losheni ya uso isiyo na harufu, yenye gliserini na seramidi, iliyoandikwa kwamba haizibi vinyweleo. Seramidi ni mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatengeneza kushikilia seli zake pamoja. Ngozi iliyochubuliwa huwa imepungukiwa nayo. Losheni za mwili zenye manukato, hata za kampuni kubwa, ziishie shingoni.

Krimu ya kukinga jua, ya kiwango cha kinga (SPF) 30 na kuendelea, nayo inahitajika mchana, kwanza kwa sababu ya adapalini, pili kwa sababu jua linafanya madoa yakolee. Nyingi zinaacha weupe kama majivu kwenye ngozi nyeusi. Jaribu nyuma ya mkono nje ya duka, kwenye jua, kabla ya kulipa.

Vya jikoni na vya bibi

Limau liache kwenye chai. Asidi yake ni kali mno kwa uso, na ukitoka juani baada ya kulipaka unaweza kuungua na kubaki na doa la miezi. Dawa ya meno inaunguza vilevile. Kipele kinasinyaa, kinaacha alama nyeusi kubwa kuliko chenyewe. Shubiri mbichi inatuliza ngozi iliyowaka, ila osha ule utomvu wa njano kwanza. Asali haina madhara kwa wengi, na sijaona ikifanya jambo kubwa.

Liwa, ule mti wenye harufu nzuri, ni habari nyingine, na naiheshimu. Mama yangu, Tanga, bado anasaga liwa kwenye msio, jiwe lake la kusagia, kwa marashi, anapaka usoni, inakauka na kupoza. Kwa mjukuu wake mwenye ngozi ya mafuta, mara moja kwa wiki, inampendeza. Kwa binti yangu ilivuta uso mpaka akashindwa kucheka, tukainawa. Manjano ni hivyohivyo, tena yanapaka rangi kola.

Ile krimu ya siku tatu

Niseme na kosa langu. Kabla sijatulia, duka moja la dawa lilinipa krimu ya "tatu kwa moja": ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani yake. Siku ya tatu uso wa binti yangu ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Nilifurahi, nikawaambia na wenzangu. Wiki ya pili nilipoiacha, chunusi zilirudi zote, ndogondogo, za ukubwa mmoja, uso mzima, na shavu jekundu linalowaka.

Steroidi inanyamazisha uvimbe kwa haraka, ndiyo maana inaonekana kufaulu. Ikiendelea inaifanya ngozi iwe nyembamba, inaleta chunusi zake yenyewe, na kuiacha ni mateso. Ukiona betamethasoni au klobetasoli kwenye boksi, hiyo si ya chunusi. Na mikorogo ya vikopo visivyo na maandishi huwa nayo pia, pamoja na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki kwa sababu zebaki inapita kwenye ngozi na kuumiza figo. Mtoto anayetafuta kuondoa madoa ya chunusi ndiye anayeuziwa kirahisi zaidi. Kati ya vyote nilivyovitaja humu, krimu hizi za steroidi na mikorogo ndivyo pekee ninavyosema usiguse kwa bei yoyote.

Kuna hali ambazo duka halitoshi: mavimbe makubwa yenye maumivu chini ya ngozi, chunusi zinazoacha mashimo, za mgongoni zinazotoa damu kwenye shati, au vipele vidogo vinavyowasha sana vya ukubwa mmoja, ambavyo huenda ni fangasi na antibiotiki itavizidisha. Huyo apelekwe kwa daktari wa ngozi mapema, maana mashimo hayarudi nyuma. Kaskazini kuna kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichopo tangu 1992, Dar es Salaam kuna Muhimbili, Nairobi, Kenyatta. Vidonge vya isotretinoini vipo kwa chunusi nzito, na vinatolewa kwa usimamizi tu, kwa sababu vinaharibu mimba.

Na jamani, wale shangazi na wajomba wanaomwambia binti mbele za watu kwamba chunusi ni ashki na zitaisha akiolewa, wanyamaze. Binti yangu alinihadithia hilo akiwa amegeukia ukutani.

Julai alirudi shule na vitu vinne kwenye mfuko wa zipu: sabuni ya uso isiyo kali, losheni isiyo na harufu, adapalini ya asilimia 0.1 na kikopo kidogo cha mafuta ya mgando. Benzoili peroksaidi niliibakiza nyumbani kwa sababu ya sweta, na kwa sababu ngozi yake ilikuwa bado changa. Kwenye kifuniko cha daftari aliandika usiku wa dawa. Septemba alinipigia kwa simu ya matroni kulalamika kwamba zimeongezeka kidevuni, nikamwambia asiache, apunguze tu iwe mara mbili kwa wiki, azidishe losheni.

Disemba aliposhuka kwenye basi alikuwa na vipele vitatu. Mashavu hayana magamba. Amebaki na madoa meusi kidevuni, hayo yanaondoka kwa miezi, na sasa tunabishana: yeye anataka azelaiki aanze kesho, mimi nataka kwanza avae krimu ya kukinga jua kila siku mpaka Februari tuone.